Bwawa la mvua na mipira ya matone: namna ya kulima mboga kiangazi bila kuishiwa maji katikati ya msimu

Kila mwaka mvua zikikata, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Bwawa nichimbe la ukubwa gani? Plastiki ya kutandika ninunue ipi? Mipira ya matone, ile yenye vitundu vinavyodondosha maji kwenye shina, inafaa kweli, au ni maneno ya wauzaji? Na lile linaloniuma zaidi: kwa nini nyanya zangu zimekauka zikiwa zimeshazaa, na bwawa lilikuwa limejaa pomoni?

Mwongozo huu ni wa anayeanza, mwenye kipande cha ardhi katika sehemu zenye mvua chache. Mfano nimeuchukua Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hunyesha milimita 550 hadi 600 hivi. Aliye Singida atajiona humuhumu. Aliye Kitui au Makueni, huko Kenya, ana misimu miwili, masika na vuli, kwa hiyo bwawa lake linaweza kujaa mara mbili, lakini hesabu haibadiliki.

Jibu la swali la nyanya zilizokauka nalitoa mapema, kwa sababu kazi yote inasimama juu yake. Wengi wetu tunaanza na shamba: nina nusu ekari, basi nitapanda nusu ekari. Kisha ndipo tunatafuta maji ya kuitosha. Anza na maji. Jua una lita ngapi zitakazobaki baada ya jua kuchukua zake, halafu kata shamba kwa kipimo cha lita hizo. Ukibakiza ardhi tupu, hujapoteza kitu. Mazao yanayokosa maji wiki tatu kabla ya kuvuna yanaondoka na mbegu, mbolea, dawa, vibarua na maji yote uliyokwisha kumwaga.

Andaa hivi kabla ya kushika jembe

- Kamba, vigingi, futi ya kupimia na mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wanaotumia mafundi ujenzi kutafuta usawa.
- Karatasi ngumu ya plastiki ya kutandikia bwawa, unene wa milimita 0.5 au zaidi. Kwa bwawa la mfano wetu utahitaji kipande cha mita 17 kwa 17.
- Bomba la plastiki la inchi 6, urefu wa mita 3 au 4, la kuingizia maji bwawani.
- Simtanki la lita 2,000 na kichanja imara cha kuliweka.
- Pampu: ya kukanyaga, ya sola au ya mafuta. Ya kukanyaga inatosha kwa eneo dogo kama una miguu ya kukusaidia nyumbani.
- Mipira ya matone yenye vitundu kila sentimita 30, bomba kuu la inchi 1 na nusu, koki na chujio la mesh 120, yaani lenye matundu 120 kwa kila inchi.
- Nyasi kavu au mabua ya kutosha kufunika matuta.
- Uzio. Huu si wa kuongezea ukipata hela. Nitaeleza mbele.

Kazi ya kuchimba ifanyike Agosti hadi Oktoba. Ukisubiri Novemba utachimba huku unatazama mawingu, na mvua ya kwanza itakuta udongo mbichi na plastiki bado iko dukani.

Hesabu kwanza

1. Pima maji yatakayoingia. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Hilo tu ndilo la kukariri. Ila si mvua yote inayotiririka. Juu ya bati, zaidi ya sehemu 8 kati ya 10 zinafika kwenye mfereji. Juu ya barabara ya changarawe iliyoshindiliwa, hesabu kama nusu. Juu ya ardhi tupu ngumu, robo. Kwenye shamba lililolimwa au lenye majani mengi, karibu mvua yote inanywewa na udongo, na hilo ni jema, ila bwawa halitajaa kutoka huko.

Usihesabu milimita 550 zote. Mvua za rasharasha hazitiririki, na kuna miaka mibaya. Chukua 300. Kwa ardhi tupu, milimita 300 mara robo ni lita 75 kwa kila mita ya mraba. Ukitaka lita 190,000 unahitaji mita za mraba 2,500 na kitu za kukusanyia, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ekari. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita 5 ni chanzo kizuri ajabu: kipande cha mita 200 kinaweza kukupa lita 150,000. Wakulima wa Makueni na Kitui wamekuwa wakigeuza maji ya barabarani kuingia mashambani kwa mitaro, badala ya kuyaacha yachimbe makorongo.

2. Pima kitakachobaki. Mfano wetu ni bwawa la mita 12 kwa 12 juu, mita 7 kwa 7 chini, kina mita 2.5. Ukiacha sentimita 30 za juu bila maji ili lisifurike ovyo, linabeba kama lita 190,000.

Sasa jua. Katika mikoa hii kiangazi hunyonya milimita 5 hadi 7 kwa siku kutoka kwenye maji yaliyo wazi, na upepo wa Juni na Julai unasaidia kunyonya. Uso wa maji utakuwa unapungua kadiri unavyotumia, kwa hiyo tuchukue wastani wa mita za mraba 90. Mara milimita 5, mara siku 100: lita 45,000 zimepaa. Toa tena lita 5,000 za chini zilizochanganyika na matope. Una lita 140,000. Hizo ndizo zako. Zile 50,000 usizipangie kazi.

3. Kata shamba. Nyanya iliyomwagiliwa kwa matone, ikafunikwa nyasi, katika miezi ya baridi, ipangie lita hizi kwa kila mita ya mraba:

- siku 25 za kwanza baada ya kupandikiza: lita 2 kwa siku
- siku 50 zinazofuata, za maua na matunda: lita 5 kwa siku
- siku 25 za mwisho: lita 4 kwa siku

Jumla ni lita 400 kwa mita moja ya mraba kwa msimu. Gawa 140,000 kwa 400 unapata mita za mraba 350. Hilo ndilo shamba lako: mita 25 kwa 14, chini ya sehemu moja ya kumi ya ekari.

Najua namba hiyo inakatisha tamaa. Watu wananiambia, "Yaani nichimbe shimo lote hilo nilime bustani?" Ndiyo. Bustani hiyo ikipata maji hadi siku ya 100 ina mimea ya nyanya ipatayo 580, na matunda yake yanaingia sokoni wakati wenye shamba la mvua hawana kitu. Ukilazimisha robo ekari kwa maji yaleyale, lita 140,000 zitaisha kama siku ya 43, matunda yakiwa mabichi.

Mboga za muda mfupi kama mchicha na chainizi zinatumia maji machache kwa msimu kwa sababu zinakaa wiki chache tu shambani. Kama bwawa halikujaa vizuri, hamia huko mapema.

Kuchimba na kutandika

4. Chagua mahali. Bwawa liwe chini ya eneo la kukusanyia maji, na ikiwezekana juu ya shamba. Kaa mbali na miti mikubwa, mizizi itatoboa plastiki. Kaa mbali na choo na zizi, walau mita 30, na upande wa juu wake. Epuka katikati ya korongo kabisa. Korongo lina nguvu usizozijua mpaka mvua kubwa ije, na asubuhi yake huna bwawa wala plastiki.

5. Ongea na wahusika. Kukusanya maji yanayotiririka kwenye ardhi yako ni tofauti na kuziba kijito. Ukitaka kugusa korongo, mto au chemchemi, Tanzania nenda kwenye Bodi ya Maji ya Bonde lako, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Ukitaka kugeuza maji ya barabarani, ongea na uongozi wa kijiji au kata ili mtaro wako usije ukabomoa barabara.

Na ongea na jirani wa chini. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha katika miaka ya 1990, na sababu kubwa ni maji yaliyochotwa huko juu, kwenye mashamba ya bonde la Usangu. Kwenye kijitokijito cha kijiji mambo huenda vivyo hivyo, ila anayekaukiwa unamjua kwa jina. Wapare walilijua hili zamani: maji ya kijito wanayakusanya usiku kwenye ndiva, yaani mabwawa yao madogo, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na kila mtu anajua siku yake.

6. Pima usawa, kisha chimba kwa ngazi. Piga vigingi mita 12 kwa 12. Kwa mpira wa maji hakikisha kona zote nne ziko usawa mmoja. Kona moja ikiwa chini kwa sentimita 20, bwawa zima linajaa hadi hapo tu.

Usichimbe ukuta wima wa mita 2.5, utawaangukia wachimbaji. Chimba tabaka za sentimita 50. La kwanza liwe mita 11 kwa 11, la pili 10 kwa 10, kisha 9, kisha 8, la mwisho 7 kwa 7. Ukimaliza una ngazi pande zote. Sasa kata ncha za ngazi kwa jembe na koleo mpaka kuta ziwe mteremko wa moja kwa moja kutoka vigingini hadi chini. Kama udongo ni wa kichanga, mteremko huu utamomonyoka. Ongeza upana wa juu ulaze kuta zaidi, na urudi hatua ya 2, maana ujazo umebadilika.

Udongo unaotoka ni mita za ujazo 230. Mtu mmoja kwa jembe na koleo huchimba mita za ujazo 2 hivi kwa siku, kwa hiyo watu watano watakuwa hapo wiki tatu na zaidi. Udongo mwingine utumie kuinua tuta kuzunguka bwawa, umbali wa mita moja na nusu kutoka ukingoni, ili maji machafu yasiingie popote yanapotaka.

7. Tengeneza mlango wa maji na njia ya kutokea. Kabla maji hayajaingia bwawani yapitie kwenye mtego wa matope: shimo la mita 2 kwa 1.5, kina mita 1, lililojengwa kwa mawe au matofali. Maji yakifika hapo yanatulia, mchanga unazama, na yaliyo juu yanaingia bwawani kwa bomba la inchi 6. Mdomoni mwa bomba funga wavu wa kuzuia majani. Mvua mbili tatu za kwanza za msimu ziba bomba, uziache zipite nje, kwa sababu zinafagia mavi ya mifugo na takataka za kiangazi kizima.

Upande wa pili, sentimita 30 chini ya ukingo, weka njia ya maji yanayozidi, upana mita 1, uisakafie kwa mawe. Maji hayo yaelekeze kwenye migomba, miembe au malisho.

Angalizo: bwawa lisilo na mtego wa matope hujaa udongo, na kuutoa juu ya plastiki bila kuitoboa ni kazi ya kuumiza kichwa. Kama eneo lako la kukusanyia linamomonyoka sana, chimba kwanza makinga maji juu yake. Yale ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na ambayo Ukambani wameyatumia kwa miongo mingi, yanafaa sana.

8. Tandika plastiki. Hapa ndipo hela nyingi inapolala, kwa hiyo usiharakishe.

Pita kwa mikono mitupu kuta zote na sakafu, ukipapasa. Jiwe lolote linalochoma kiganja litachoma plastiki yenye tani 190 za maji juu yake. Toa mawe, kata mizizi ndani kabisa, mwagia maji kidogo na ushindilie. Sakafuni weka mchanga laini wa sentimita 5, na kutani tandika viroba vikuukuu.

Chimba mtaro wa kufukia pindo, sentimita 40 kwenda chini, nusu mita kutoka ukingoni, kuzunguka bwawa lote. Ndiyo maana nimesema kipande cha 17 kwa 17: mita 7 za sakafu, mita 3.5 na kidogo za ukuta kila upande, na zinazobaki ni za mtaro. Ukienda dukani na kipimo cha mita 12 kwa 12 kwa sababu ndilo "bwawa lako", utarudi na kitambaa kisichofika hata ukingoni.

Tandika asubuhi kabla ya upepo, watu wasiopungua sita, miguu mitupu. Plastiki ilegee kidogo kila mahali. Ukiivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma, baridi ya usiku ikiifinya au maji yakiisukuma itapasuka kwenye kona. Kunja kona vizuri kama unavyokunja shuka. Weka viroba vya mchanga sakafuni ili upepo usiinue, fukia pindo, shindilia.

Kwa asiyeweza kununua plastiki: udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, ulioloweshwa na kushindiliwa kwa tabaka nyembamba nyembamba mpaka unene wa sentimita 30, unaweza kushika maji vizuri kiasi. Jaribu kwanza. Chimba shimo la sentimita 60, lipake udongo huo, lijaze maji jioni, ongeza tena yakizama, halafu asubuhi tazama. Likiwa tupu, usiendelee. Na bwawa la udongo likikauka kabisa hupasuka, inabidi kulipaka upya.

9. Weka uzio na kivuli. Kuta za plastiki zenye maji zinateleza. Mtoto akiingia hatoki, na mtu mzima asiyejua kuogelea pia hatoki. Uzio wa miti au wavu, mlango unaofungwa, na kamba nene yenye mafundo iliyofungwa kwenye kigingi imara ikaning'inia hadi chini ya maji, moja kila upande. Fanya haya siku ileile plastiki inapotandikwa. Naomba sana usiache hata kwa wiki.

Kivuli ni wavu mweusi uliotandazwa juu ya nyaya. Unapunguza maji yanayopaa kwa zaidi ya nusu. Ukiokoa nusu tu ya zile lita 45,000, umepata maji ya mita za mraba 55 zaidi. Ukikosa hela ya wavu mwaka huu, panda matete au mti wa kukinga upepo upande unakotokea, umbali wa kutosha mizizi isifike.

Samaki wachache, perege kwa mfano, watakula viluwiluwi vya mbu. Maji haya si ya kunywa.

Kufikisha maji kwenye mmea

10. Pandisha tanki juu. Kichanja kiwe na kimo cha mita 1.5 hivi. Simtanki la lita 2,000 likijaa ni tani 2, kwa hiyo milingoti minne myembamba haitoshi. Jenga kwa tofali au miti minene iliyofungwa mishazari. Tanki liwe jeusi na lenye mfuniko, mwanga ukiingia maji yanaota ukijani.

Mdomo wa mpira wa pampu usilale chini ya bwawa. Ufunge kwenye dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko, uning'inie sentimita 30 chini ya uso wa maji. Hapo maji ni safi zaidi, na dumu linashuka pamoja na maji. Pampu isikae juu sana: zaidi ya mita 7 kwenda juu kutoka kwenye maji, hakuna pampu ya kuvuta itakayoyanyanyua.

11. Laza mipira. Bomba kuu lipite kwenye upande wa mita 25, na kutoka humo mipira 25 ya mita 14 kila mmoja, umbali wa mita 1. Kwa nguvu ya tanki lililoinuliwa tu, usizidishe mita 15 kwa mpira mmoja, mwisho hautapata kitu. Mipira ifuate usawa wa ardhi, isipande kilima. Chujio likae kati ya tanki na bomba kuu, mahali unapolifikia bila kuinama kwenye matope.

Kabla ya kuziba ncha za mipira, fungua koki uache maji yatoke dakika chache yasafishe vumbi la plastiki. Kisha ziba na upime. Weka kikombe chini ya kitundu cha kwanza, cha katikati na cha mwisho cha mpira mmoja, ngoja dakika 15. Kitundu kinachotoa lita 1 kwa saa kitaweka robo lita. Kikombe cha mwisho kikiwa na chini ya sehemu 4 kati ya 5 za kile cha kwanza, kuna tatizo: mpira mrefu, chujio limeziba au ardhi haiko sawa.

Kwa mpangilio huu shamba zima linakunywa kama lita 1,150 kwa saa. Lita 700 za siku 25 za mwanzo ni dakika 35 hadi 40. Lita 1,750 za wakati wa matunda ni saa moja na nusu.

12. Panda na ufunike. Sia kitaluni mapema Aprili, pandikiza mwanzoni mwa Mei, kitundu kimoja uruke, yaani kila sentimita 60. Changanya samadi iliyoiva kwenye mashimo, udongo wenye samadi unashika maji muda mrefu zaidi. Funika matuta kwa nyasi kavu zenye unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina ili mchwa na kuoza visianzie hapo.

13. Mwagilia kwa ratiba, lakini uliza udongo. Saa 12 hadi saa 2 asubuhi ndiyo saa nzuri. Kila siku mbili tatu fukua sentimita 15 pembeni ya mmea, chukua udongo, ukamate ngumini. Ukishikamana na kuacha unyevu kiganjani bila kuchuruzika, unatosha, ruka siku hiyo. Ukimomonyoka mara tu unapofungua vidole, mwagilia. Ukichuruzika, unamwaga akiba yako chini ya mizizi.

Simamisha ndani ya maji kijiti chenye alama za sentimita, ukifunge kwenye ukingo wa bwawa bila kutoboa plastiki, na uandike usomaji kila Jumapili. Daftari hilo ndilo litakalokuambia Juni kama utafika Agosti.

Mambo yakienda kombo

*Bwawa linashuka haraka na hujui kama ni jua au tundu.* Jaza beseni maji, liweke kando ya bwawa juani, weka alama kwenye beseni na kwenye kijiti. Usipampu siku mbili. Maji ya beseni yanapata joto zaidi, kwa hiyo yanapaswa kupungua sawa au zaidi ya bwawa. Bwawa likishuka zaidi ya beseni, linavuja. Ngoja uone linaposimama: tundu liko usawa huo au juu yake kidogo. Kausha, safisha, bandika kiraka kwa gundi ya plastiki hiyo au ita fundi wa kuchomelea kwa joto. Gundi ya viatu itakudanganya wiki moja.

*Vitundu vimeziba.* Ukiona utelezi wa kijani, tanki linapata mwanga. Ukiona unga mweupe, maji yana chokaa, jambo la kawaida kwa anayechanganya na maji ya kisima. Loweka mpira kwenye siki kwa usiku mmoja, kisha fungua ncha usukume kwa maji. Kinga ni kuosha chujio kila unapojaza tanki na kufungua ncha za mipira mara moja kwa wiki.

*Mipira ina meno.* Panya na kindi wanatafuta maji. Weka vibakuli vya maji pembezoni mwa shamba, na fukia mpira kidogo chini ya nyasi. Mahali palipotoboka kata, unganisha kwa kiungio.

*Majani yananyauka saa 7 mchana.* Yatazame jioni. Yakiwa yamesimama tena, ni joto tu, usiongeze maji. Yakiamka yamenyauka hata asubuhi na udongo una unyevu, ng'oa mmea mmoja ukate shina: ukiona rangi ya kahawia ndani ni mnyauko, na maji hayatausaidia. Ng'oa yote iliyougua, choma mbali na shamba.

*Nyanya zinaoza kitako.* Doa jeusi, kavu, chini ya tunda. Mara nyingi chanzo ni maji ya kupanda na kushuka, leo mengi, siku nne hakuna, na mmea unashindwa kupeleka madini ya kalsiamu kwenye tunda. Rudi kwenye ratiba ya kila siku. Matunda yaliyokwisha oza yatoe, yanayokuja yatakuwa salama. Kupasuka kwa matunda nako mara nyingi ni maji mengi ya ghafla baada ya kiu.

*Chumvi nyeupe juu ya udongo.* Maji yako yana chumvi na matone hayaisukumi chini. Mvua zijazo ziache zioshe eneo hilo bila kufunikwa, na msimu unaofuata tumia maji ya bwawa peke yake, bila kuchanganya ya kisima.

*Kijiti kinaonyesha hutafika.* Usipunguze maji kwa mimea yote. Chagua. Gawa akiba iliyobaki kwa lita zinazohitajika hadi mwisho kwa kila mita ya mraba, upate eneo linaloweza kufika. Mistari iliyo dhaifu au yenye ugonjwa izibe koki zake, au kunja mipira yake na uifunge kwa kamba. Anza na ile ya mwisho kutoka kwenye tanki. Fanya hivyo siku ileile unapogundua, kwa sababu kila asubuhi unayosubiri inakula lita za mistari ambayo ingeweza kupona.